Mke Wangu Ananiona Bila Taa

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na sita. Hoteli niliyoitunzia bustani imekufa, mimi nipo. Daktari aliyeniambia niache chumvi amekufa, mimi nipo na chumvi ipo mezani. Nimewazika mbwa, nimezizika redio, nimemzika na mama mkwe aliyeapa mbele za watu kwamba hamsini sitaiona. Naandika hivi ili asomaye ajue ameshika maneno ya mtu wa aina gani.

Daftari hili binti yangu alinipa niandike presha. Yeye ni muuguzi, anapenda namba. Ukurasa wa kwanza nimeandika: nzuri. Imetosha. Kurasa zilizobaki ni za historia. Shule niliishia darasa la nne, lakini la nne la enzi zile. Siku hizi hawalisomeshi, ni gumu mno.

Sasa jambo lenyewe. Nina kayaki. Hoteli ilipofungwa, meneja alituambia kila mmoja achague kitu cha ukumbusho. Wapishi walichagua sufuria. Mimi nikachagua kayaki. Kwa asiyeijua, ni mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, mwembamba, unakaa umenyoosha miguu kama mgonjwa, unapiga kasia moja lenye bapa huku na huku. Ilikuwa ya njano. Njano ni rangi ya mwanasesere. Nikaipaka nyeusi. Nyeusi ti! Ikapendeza kama gari la mkubwa.

Kila jioni giza likishaingia naizunguka ghuba yetu. Mchana sitoki. Mchana kuna jua, na kuna bata ambao hunipita halafu watu wanacheka. Nikifika mbele ya nyumba yetu, mke wangu aliyekaa barazani ananyanyua taa yake, nami nanyanyua kasia. Tunafanya hivyo tangu nistaafu. Hajakosa hata jioni moja.

Jana kivuko nusura kinipande. Mimi nilikuwa katika njia yangu. Kivuko nacho kilikuwa katika njia yangu. Mawimbi yakaniingilia mpaka kifuani, nikarudi nyumbani nimekalia maji kama nimewekwa kwenye beseni.

Nahodha wa kivuko ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mtu wa tumbo na cheti. Leo asubuhi alifika kabla chai haijapoa, akipiga kelele toka getini. Akaniita gogo. Halafu akaomba radhi kwa gogo, akisema gogo walau halijipaki rangi nyeusi likusudie kuua watu. Chai aliyomiminiwa aliimwaga nusu kwenye kisahani. Ni uzee. Ana sabini.

Nikamjibu kwa utulivu. Nikamwambia mke wangu, kwa umri wake na macho yake, ananiona bila taa toka barazani, jioni zote, na hana darubini. Wewe shemeji una darubini, una kioo kikubwa, una mshahara. Iweje usione? Nilimmaliza. Mke wangu alikuwa anafuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Bahati mbaya binti yetu alikuwepo, hakuenda zamu. Huyu mtoto ana sauti laini ya mama yake na ndiyo hatari yake. Akasema hivi: Baba, nakupa mpaka Jumapili. Jumapili jioni mjomba akiwa kwenye usukani akuone kila upande unakogeukia. Asipokuona, kayaki itapanda nchi kavu, nitatoboa matundu chini ya kupitishia maji, na ndani nitampandia mama maua. Ameshachagua maua.

Matundu! Kwenye kayaki yangu!

Na mimi niende wapi jioni? Najua niendako. Benchi la nje kwa kinyozi. Pale wazee wa rika langu wanakaa kutwa kuzungumzia magoti. Goti la kulia liliamkaje, goti la kushoto linasemaje. Mimi sina habari yoyote ya goti. Nikikosa kayaki nitakuwa nazo ndani ya wiki moja.

Jumapili ni mbali. Watanitambua.


Jumanne, 4 Machi

Usiku nimefikiri mpaka kitanda kimelalamika. Asubuhi nilienda kwa fundi bomba nikaazima tochi yake ya kuvaa kichwani, ile anayoingia nayo chini ya masinki. Ina mkanda wa mpira na harufu ya chini ya masinki. Nikaivaa nikajitazama kwenye kioo. Nilitisha. Mke wangu akasema nimefanana na mtu anayetafuta kitu. Nikamwambia ninachokitafuta ni haki.

Jioni nikaingia majini.

Hakuna aliyenieleza kuhusu wadudu. Kila mdudu wa ziwa hili alipata taarifa. Walinijia usoni kama wageni wa harusi, na waliokuwa hawajaalikwa pia. Mimi huwa naimba nikipiga kasia, sauti yangu inajulikana. Leo nimeishia ubeti wa kwanza. Nilimeza kitu chenye miguu.

Nikainamisha kichwa, taa ikawa inamulika mapaja yangu. Mapaja yalionekana vizuri kabisa. Kwa sababu ya wadudu nilipita mbele ya nyumba kimya, na mke wangu akachelewa kunyanyua taa. Akainyanyua nilipopiga chafya. Pengine alikuwa amesinzia.

Kivuko kikaja. Nikainua uso nikikazie macho shemeji anione. Alinionaje! Mwanga ulimwingia machoni mzima mzima, kivuko kikaligonga gati kwenye yale matairi, abiria wakasogea mbele wote kwa pamoja bila kupenda. Nilisikia matusi. Mengine yalikuwa mapya kwangu, na mimi nimefanya kazi hotelini.

Shemeji alikuja nyumbani moja kwa moja na kofia yake ya kazi. Anadai aliona taa, halafu hakuna taa, halafu taa tena mbali kidogo, akajua ni mtu ameangusha pete anaitafuta ukingoni. Halafu jua likamchomozea usoni. Nikasema basi shemeji, si umeona? Akasema ameona mpaka sasa, akifumba macho anaona madoa ya kijani.

Binti aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mimi nahesabu huo ni ushindi nusu.


Jumatano, 5 Machi

Mdomo wa juu umevimba. Mdudu. Naongea kama niliyetoka kung'olewa jino. Mke wangu ananicheka akigeukia ukutani, anadhani sioni mabega.

Shemeji alikuja kunifundisha. Alikaa kwenye kiti changu, akala mkate wangu, akanifundisha. Anasema chombo kidogo cha kasia kinataka taa moja nyeupe. Iwe juu, kupita kichwa cha mpiga kasia, ili kichwa kisiikinge. Ionekane pande zote. Itulie, isiwakewake. Na kwenye mabapa ya kasia nibandike reflekta, ule utepe unaong'aa ukimulikwa, maana kasia linapanda na kushuka na jicho hukimbilia kinachosogea. Basi. Ndiyo elimu yote.

Nilimsikiliza kwa sikio moja, lingine nililihifadhi. Taa moja nyeupe! Hiyo ni taa ya banda la kuku. Mimi ni mtu, nina historia. Meli za maana zina nyekundu na kijani. Nyekundu kushoto, kijani kulia, hata kivuko chake kinazo, anadhani sijaziona. Anataka nionekane mdogo.

Nilipokuwa mtunza bustani tulikuwa na taa za rangi za kutundika kwenye miti wageni wakifanya sherehe. Ninazo stoo. Mimi situpi kitu. Nikaziunganisha na betri, nikaiweka kayaki uani, nikasimama mbele yake tukatazamana uso kwa uso kama kinyozi na mteja, nikafunga nyekundu kushoto, kijani kulia. Kazi safi! Waya hauonekani.

Mke wangu akauliza kushoto kwa nani. Nikamwambia mama watoto, kushoto ni kushoto.


Alhamisi, 6 Machi

Jana jioni sikuandika zaidi kwa sababu nilikuwa nakausha daftari.

Ilikuwa hivi. Nilitoka nikiwa na nyekundu na kijani kama meli ya mizigo. Wadudu hawakuja wengi, wadudu wana heshima kwa meli. Naimba. Mke wangu akanyanyua taa palepale. Kivuko kikatokea, mimi nakata kuelekea kushoto kwake. Kijani chote kiko upande wa shemeji.

Ilipaswa kuwa nyekundu. Nimeambiwa baadaye, mara nyingi.

Shemeji aliona kijani, akajua ni chombo kinaelekea kulia, tena chombo cha injini, tena kikubwa, kiko mbali. Akakata kushoto kwa adabu apite nyuma yangu. Nyuma yangu ilikuwa mbele yangu. Tulikutana pale! Nilimwona shemeji kupitia kioo, mdomo wazi, na yeye naamini alinipata vizuri. Alirudisha injini nyuma ziwa likachemka. Mimi nilizunguka kama kijiko kwenye chai. Taa zikalowa zikafa, ya kijani ikifa mwisho, kwa ushujaa.

Kosa ni langu kidogo. Nilizifunga nikiwa nimeitazama kayaki, na mtu ukitazamana na mtu, mkono wake wa kushoto uko kulia kwako. Hili jambo wangelisema mapema. Mke wangu anasema alilisema. Sikumbuki.

Shemeji safari hii hakupiga kelele. Alikaa barazani ameshika kofia magotini. Akamwambia mke wangu, dada, siwezi kuwa mimi ndiye nitakayekuletea huyu mtu amefungwa kwenye turubai. Mke wangu akamwekea chai. Hakuna aliyeniwekea mimi.

Ni mtu wa kutia chumvi, shemeji. Nilimwambia mimi kwenye turubai sitoshi.


Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepata dawa. Kwa fundi magari kuna lori la kuvuta magari, limekufa siku nyingi, juu lina taa ya rangi ya machungwa inayozunguka na kuwakawaka. Fundi akaniruhusu niifungue, akisema mzee chukua, ila usiniambie ya nini. Nikaifunga mbele ya kayaki, betri ya pikipiki katikati ya miguu. Shemeji alisema isiwakewake. Ndiyo maana nikajua ndiyo yenyewe. Mtu hakatazi kitu kibaya kwa msisitizo ule.

Ilivyowaka! Ghuba nzima ilikuwa machungwa, giza, machungwa, giza. Niliona nyumba zote, niliona bata wamekaa macho. Nikaanza ubeti wa pili nikiwa na furaha.

Basi kumbe taa inayowakawaka majini maana yake ni nisaidieni, nakufa.

Wa kwanza kunifikia alikuwa mvuvi mmoja na boti ya injini. Nikamwambia asante, mimi mzima. Akasema mshtuko huo, wote husema hivyo, akanivuta mpaka ufukweni. Nikatoka tena. Wa pili mlinzi wa gati, naye akanivuta. Kushuka pale nikakuta kinyozi amekusanya benchi zima, wamejipakia kwenye mtumbwi wake, kinyozi mbele na kamba shingoni. Niliwakimbia. Naandika kweli, nilipiga kasia kwa nguvu zangu zote, nikazunguka mwamba, lakini mtu hakimbii akiwa amefunga taa ile. Kinyozi alinikamata kola. Akaniambia tulia babu, usipigane na maji. Nikamwambia sipigani na maji, napigana na wewe. Akasema wazee shikeni miguu.

Nimeokolewa mara tatu jioni moja, na zote nilikuwa salama.

Walinirudisha taratibu. Njia nzima magoti. Mmoja wao akaniuliza langu linasemaje. Nikahisi, nasema kweli tupu, goti la kulia likichoma.

Nyumbani binti alikuwa amefika. Ameweka mfuko wa udongo kando ya kayaki, na juu ya mfuko drili. Na miche ya maua kwenye kikapu, imemwagiliwa. Alinifunika blanketi, akanipima presha mwenyewe, akaangalia namba akaguna. Nilimuuliza ngapi. Akasema andika nzuri, Baba, si ndivyo unavyoandika.


Jumamosi, 8 Machi

Leo nilichukua hatua ya kisheria. Nilimuita shemeji, nikamuita binti, nikawaweka barazani. Nikawaambia kesi yote hii ni ya bure, maana ninaye shahidi aliyeniona kila jioni bila taa yoyote. Mama watoto, simama useme.

Hakusimama.

Binti akasema basi tujaribu, Baba, kagiza kameshaingia. Wewe nenda pale kwenye uzio wa chini, usiimbe, nyamaza tu. Nikaenda. Nimevaa shati langu jeusi la kazi. Nikasimama nimevuta tumbo, kifua mbele, mtu yeyote angeniona. Mke wangu akainuka, akanyanyua taa, akatabasamu.

Alikuwa amelinyanyulia tangi la maji.

Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Akalipungia mkono tangi la maji kwa mapenzi kabisa. Shemeji, ambaye angeweza kucheka mpaka mwakani, akaangalia viatu vyake.

Nikarudi barazani. Nikamwambia tangu lini. Akasema tangu mwaka jana, mtoto wa jicho, macho yote mawili. Binti anajua, wako kwenye foleni ya daktari. Mimi sikuambiwa kwa kuwa ningeenda kugombana na foleni. Hilo ni kweli, ningeenda.

Nikauliza sasa ulikuwa unanyanyuaje taa. Akasema nilikuwa nakusikia, mume wangu. Ziwa zima linakusikia. Ukifika kwenye ubeti ule unaokushinda, najua uko mbele ya nyumba.

Hakuna ubeti unaonishinda.

Nikauliza na jioni za upepo je, upepo ukitoka huku kwenda majini, sauti haiji. Akasema jioni hizo nilikuwa naishika juu tu. Naibadilisha mkono. Mpaka nisikie kayaki inakwaruza mchanga.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu akiwa anatafuta kikombe chake kwa vidole: ningekwambia sikuoni, ungeacha kunyanyua kasia.

Nikaenda kukagua kayaki. Haikuwa na tatizo. Nikaikagua tena.

Niliporudi nikakaa karibu naye nikamuuliza, sasa ni nini unachokiona kule majini. Akasema taa ya juu ya kivuko. Ile nyeupe, imekaa juu, haitikisiki. Inakuwa kama ua la pamba. Hiyo inampata. Taa zangu za wiki nzima hazikumpata hata moja, ila ya machungwa ilimpa kichefuchefu.

Shemeji alifungua mdomo. Nikamwambia usiseme. Akaufunga.

Nikauchomoa mpini wa ufagio. Ufagio wenyewe nilimpa binti ashike. Nikaufunga mpini nyuma ya kiti cha kayaki, wima, umenipita kichwa kwa mkono mzima. Tatizo taa. Tochi ya fundi bomba inamulika upande mmoja, taa za bustani zimekufa. Nikasimama pale uani nikiwaza. Mke wangu akaja akipapasa ukuta, akanipa taa yake ya barazani. Ile ile. Nyeupe, ya kuchaji, ya mviringo, inaangaza pande zote. Nikamwambia nawe utanyanyua nini. Akasema funga taa, mzee, unapenda maneno.

Shemeji alipoondoka aliacha kitu mezani kimekunjwa. Fulana yake ya zamani ya kazi, ile ya reflekta, tayari ameshakata vipande vya kutosha mabapa mawili ya kasia. Alikuja nayo mfukoni tangu mwanzo. Sikumshukuru. Asingependa.


Jumapili, 9 Machi

Siku yenyewe. Makubaliano: binti akae na mjomba wake chumba cha usukani. Kila watakapoiona taa yangu vizuri, shemeji apige honi. Niwe nimewapa uso, mgongo, ubavu huu na ubavu ule. Upande mmoja ukinyamaza, matundu. Drili ilikuwa barazani, imechomekwa kwenye umeme kabisa. Binti hana utani.

Kinyozi na benchi lake walisimama ufukweni na kamba, kwa tahadhari. Nikawaambia atakayenigusa leo nitamng'ata.

Nikatoka. Wadudu walikuja wote, lakini walienda juu kwenye taa, mimi chini nikabaki huru kama mfalme. Machoni hakuna mwanga, naliona giza vizuri, kayaki inateleza. Sikuimba. Nilikaza mdomo. Nilikuwa na sababu yangu.

Kivuko kikatoka gatini. Nikakipa uso. Honi! Nikageuka nikakipa ubavu. Honi! Ubavu wa pili. Honi! Nikakipa mgongo, na hapo nilishika roho mkononi, maana mgongo wangu ni mpana na shemeji ni mtu wa kinyongo. Kimya. Nikahesabu pumzi. Nikaanza kumlaani shemeji kimoyomoyo kwa mpangilio, kuanzia tumbo, na sijafika kwenye cheti honi ikalia, ndefu, mpaka bata wakaruka. Binti anasema mjomba wake alikuwa anafuta miwani. Miwani yake ni ya kusomea.

Nimeshinda. Lakini sikurudi. Nilikata kuelekea nyumbani, kimya, kasia halitoi sauti, upepo unatoka nchi kavu. Hakuna sikio ambalo lingenipata. Nikafika mbele ya nyumba.

Baraza lilikuwa giza, taa yake si ninayo mimi. Sikuona kitu. Nikangoja.

Halafu nikaona cheupe kinapepea. Kitambaa cha meza. Amekishika kwa mikono miwili anakipunga juu ya kichwa. Nikasema hiyo ni bahati, kama tangi la maji. Nikasogea kushoto polepole. Kitambaa kikasogea kushoto. Nikarudi kulia, nikapita mpaka kwenye ule mwamba. Kitambaa kikanifuata hatua kwa hatua mpaka mwisho wa baraza, nikasikia kiti kikianguka, nikasikia anacheka.

Nilinyanyua kasia. Nililishika juu muda mrefu. Nilibadilisha mkono.


Jumatatu, 10 Machi

Leo nimeamka mtu mkubwa. Maua yamepandwa kwenye beseni. Drili imerudi stoo. Kivuko kizima kinazungumza habari zangu. Ukweli ni kwamba ile taa nyeupe ya juu ya mpini nilikuwa nimeifikiria tangu Jumatatu iliyopita, niliwaacha tu wengine wajifikirie wenyewe wajione wana akili. Shemeji nimemweleza hivyo. Alicheka mpaka akaenda kukaa nje.

Sasa nimekaa nikapiga hesabu ya akili. Kama taa moja imemfikia mke wangu kama ua la pamba, taa nyingi si zitamfikia kama bustani? Mtu aliyekaa mwaka mzima akinyanyua mkono gizani kwa ajili yangu hastahili taa moja. Huo ni uchoyo. Anastahili nyekundu. Anastahili kijani. Nimekausha zile za bustani kwenye jua, zinawaka zote. Safari hii nyekundu nitaifunga upande wa kulia, kwa kuwa mara iliyopita nilifunga kushoto ikaleta matata. Nitaifunga nikiwa nimesimama nyuma ya kayaki, nisirudie kosa.

Ile ya machungwa bado ninayo. Kinyozi aliitupa majini, nikaipata asubuhi bata wakiizunguka. Nimeifunga juu ya kabati, karibu na dirisha la ziwani, nione kama bado inazunguka. Inazunguka! Inapendeza sana. Chumba kizima machungwa, giza, machungwa, giza, naandika mistari hii katika yale machungwa. Mke wangu toka jikoni anauliza ni nini hicho. Nimemwambia ni zawadi, avute subira.

Wakisema nimetia chuku, mashahidi ninao. Wa kwanza mke wangu, ambaye sasa ananiona, tena kwa taa. Shemeji naye aulizwe, ila mtoe tumbo kwenye maelezo yake. Na kinyozi atathibitisha mengine, hata sasa hivi, maana anapiga hodi mlangoni kwa nguvu, na kupitia dirisha naona benchi zima liko nyuma yake, na kamba.